Anza na siku ya kuchanua: mwongozo kwa mkulima mdogo wa mpunga katika misimu isiyotabirika

Mpunga uliokosa maji katika wiki zake za kuchipua hudumaa kidogo, kisha hujirudi mvua inaponyesha tena. Mpunga uliokosa maji ukiwa na mimba, yaani suke likiwa bado ndani ya shina, au ukiwa unachanua, haujirudi hata ukipata maji tele wiki moja baadaye, kwa sababu ua ambalo halikuchavushwa siku yake limekwisha kuwa pepe, yaani ganda tupu, na pepe halijai. Mkulima mwenye nusu ekari au ekari mbili hawezi kuizuia mvua isichelewe wala kulipunguza jua, lakini anaweza kuamua mpunga wake uwe na umri gani wakati ukame, joto au mafuriko yanapokuja. Sehemu kubwa ya yale yanayoitwa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi katika jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo, hurudi kwenye uamuzi huo.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata msimu, kuanzia kabla ya kulima hadi ghalani. Si lazima zianzwe zote mwaka mmoja. Anayeweza kufanya mambo matatu tu achague hesabu ya tarehe, usafishaji wa mbegu na usawazishaji wa shamba, kwani hayo yanahitaji jasho zaidi kuliko fedha.

Hatua ya 1: Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Swali lililozoeleka ni mvua zitaanza lini. Swali lenye faida zaidi ni mpunga utachanua lini, na je, siku hiyo maji yatakuwepo?

Maisha ya mpunga yana vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza ni cha miche na machipukizi. Cha pili huanza suke linapoumbika ndani ya shina na kuishia kwenye kuchanua, nacho huchukua takribani siku 35. Cha tatu ni cha punje kujaa na kukomaa, nacho huchukua takribani siku 30. Katika maeneo ya joto vipindi hivi viwili vya mwisho havitofautiani sana kati ya aina moja ya mpunga na nyingine. Kinachorefuka au kufupika ni kile cha kwanza. Kwa hiyo aina inayokomaa kwa siku 120 huchanua karibu na siku ya 90 tangu mbegu iliposiwa kitaluni, na aina ya siku 95 huchanua karibu na siku ya 65.

Chukua karatasi uandike mvua zilikatika lini katika kila mmoja wa misimu mitano iliyopita. Iwe misimu hiyo ya karibuni, maana kumbukumbu za miaka 30 nyuma, hata zikisimuliwa na mtu anayeaminika, ni za hali ya hewa nyingine. Mpunga huhitaji unyevu hadi siku 10 hivi kabla ya kuvunwa, yaani kama wiki tatu baada ya kuchanua. Tuseme mvua zako, ukihesabu kutoka wiki zinapoanza kwa kawaida, hukatika mnamo wiki ya 20. Kuchanua kusipite wiki ya 17. Aina ya siku 120, inayohitaji wiki 13 kufika hapo, isisiwe baada ya wiki ya 4. Aina ya siku 95 inaweza kungoja hadi wiki ya 7. Sasa unayo tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na mvua ikichelewa kupita wiki ya 4 hutabishana na nafsi yako: utabadilisha mbegu. Ongeza wiki moja ya tahadhari kwa mpunga wa kupandikiza, kwa kuwa mche huchukua siku kadhaa kushika ardhi mpya, na ongeza zaidi kwenye nyanda za juu ambako baridi huchelewesha ukuaji.

Joto nalo liingie katika hesabu hiyo. Maua ya mpunga hufunguka kuanzia asubuhi hadi karibu na adhuhuri, kila ua kwa muda usiozidi sana saa moja, na joto linalopita nyuzi 35 za Selsiasi katika saa hizo huharibu chavua. Palipo na wiki zinazojulikana kwa ukali wa jua, kuchanua kuwekwe kabla au baada yake. Usiku wenye joto nao una gharama, ingawa haionekani kwa macho: vipimo vilivyochukuliwa katika shamba la Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga nchini Ufilipino kati ya mwaka 1992 na 2003 vilionyesha kwamba mavuno ya kiangazi yalipungua kwa takribani asilimia 10 kwa kila nyuzi moja iliyoongezeka katika joto la chini la usiku. Kwenye nyanda za juu adui ni yule wa upande wa pili, kwa kuwa baridi inayoshuka sana mpunga ukiwa na mimba huleta mapepe vilevile.

Kuna jambo moja linaloweza kuvuruga hesabu yote. Baadhi ya aina za kienyeji hufuata urefu wa mchana, si umri. Huchanua tarehe ileile kila mwaka, ziwe zimesiwa mapema au zimechelewa. Zikichelewa kusiwa hubaki fupi na zenye machipukizi machache, kisha huchanua vivyo hivyo. Ukiona kwamba majirani waliopishana mwezi mzima katika kusia huvuna wiki ileile, aina yao ni ya namna hiyo, na kuchelewa kwao hakuwagharimu muda bali wingi wa masuke.

Hatua ya 2: Gawanya shamba kwa tabia ya maji

Hata shamba dogo lina juu na chini. Baada ya mvua kubwa zunguka ukiwa na vijiti. Vichomeke mahali maji yanapokauka mapema na mahali yanapotuama kwa siku nyingi. Juu panafaa mpunga wa muda mfupi, ambao utakuwa umekomaa kabla unyevu haujaisha. Bondeni panafaa aina ndefu zaidi kwa kimo na kwa siku, au ile inayovumilia kuzama. Kulima aina mbili humpunguzia mkulima hatari ya kupoteza kila kitu kwa wiki moja ya ukame, kwa kuwa hazitakuwa na mimba kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3: Chagua mbegu, kisha uisafishe

Aina ya muda mfupi ina ubaya wake, nao usifichwe. Haina nafasi ya kujirudi baada ya pigo, na shamba linaloiva peke yake kabla ya mengine hulisha ndege wa bonde zima. Wakulima wanaopakana wakikubaliana kutumia aina zinazoiva pamoja, hasara hiyo hugawanyika.

Kwa sehemu zinazofurika, zipo aina zilizorithi uwezo wa kuishi chini ya maji. Asili ya uwezo huo ni mpunga wa kienyeji wa Odisha, India, uitwao FR13A. Jeni yake iliingizwa katika aina zilizokuwa zikipendwa tayari, na mojawapo, Swarna-Sub1, iliidhinishwa India mwaka 2009. Mpunga wa namna hii hutulia unapofunikwa na maji badala ya kurefuka kwa pupa na kumaliza akiba yake, hivyo huweza kustahimili kuzama kwa takribani wiki mbili. Kwa ardhi ya chumvi, uvumilivu mwingi umetokana na mpunga wa Pokkali wa pwani ya Kerala. Kwa ardhi isiyotuamisha maji, aina za NERICA, zilizotokana na kuchanganya mpunga wa asili ya Afrika na ule wa asili ya Asia, zimo zinazokomaa chini ya siku 100. Muulize afisa ugani ni ipi kati ya aina za namna hizi iliyothibitishwa kwa ajili ya eneo lako, na uijaribu kwenye jaruba moja kwanza. Jina kubwa lililoandikwa kwenye mfuko halijui udongo wako.

Mbegu yoyote, hata ya kununua, isafishwe kwa maji ya chumvi. Jaza ndoo maji, weka yai bichi lisilo zee, nalo litazama. Ongeza chumvi kidogo kidogo huku ukikoroga hadi yai lielee na sehemu yake ndogo, kiasi cha sarafu, ichungulie juu ya maji. Litoe yai, mimina mbegu, koroga kwa mkono na usubiri kidogo. Zinazoelea ni nyepesi. Punje zake hazikujaa, na nyingine zimebeba ukungu. Zichote uziondoe. Zilizozama zisuuzwe mara mbili au tatu kwa maji safi bila kukawia, kwani chumvi ikibaki huua kiini. Anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza hushtuka kuona wingi wa kinachoelea, halafu hujaribiwa kukirudisha ili mbegu isipungue. Kisirudishwe; mche dhaifu ndio wa kwanza kufa maji yakipungua.

Kisha hesabu mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu na uziweke mahali pa kivuli. Zikiota 80 au zaidi baada ya wiki moja, mbegu ni nzuri. Zikipungua hapo, tafuta nyingine wakati bado muda upo.

Hatua ya 4: Inua kingo, sawazisha shamba

Jaruba lisilo sawa lina ukame na mafuriko kwa siku moja: kona ya juu imepasuka, kona ya chini miche imezama. Mkulima huongeza maji ili kuifikia ile ya juu, na hivyo huizamisha zaidi ile ya chini, huku magugu yakistawi pale pakavu. Kusawazisha hakuhitaji mitambo. Ingiza maji ya kina kidogo, vuruga tope, kisha burura ubao mzito au ngazi ya miti kwa kamba, ukivuta udongo kutoka mahali panapochungulia na kuupeleka mahali penye maji. Acha maji yatulie, tazama tena visiwa vilivyobaki, rudia. Jaruba kubwa lenye mteremko ligawanywe mawili, hata kama ukingo wa katikati utakula ardhi kidogo.

Kingo zipigwe tope na kushindiliwa zifike sentimita 30 au zaidi juu ya usawa wa shamba, na mashimo ya kaa na panya yazibwe kabla ya msimu, kwa kuwa maji mengi yanayodhaniwa kunyonywa na ardhi hupotelea humo. Acha tundu la kutolea maji lenye kizibo kinachoondoka upesi. Ukingo mrefu usio na mlango ni mtego siku ya mvua kubwa.

Hatua ya 5: Sia kitalu kwa mafungu

Badala ya kusia mbegu yote siku moja, igawanye mafungu mawili au matatu, yakipishana siku 10. Mvua ikiwahi, utapandikiza fungu la kwanza. Ikichelewa, fungu la kwanza litakuwa limezeeka lakini la pili litakuwa katika umri wake. Mche uliozeeka kitaluni hupandikizwa ukiwa umekwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake ya kuchipua, na hakuna mbolea itakayoirudisha.

Umri unaofaa hutegemea maji. Palipo na maji yanayodhibitika, miche michanga ya siku 8 hadi 15, ikipandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, huchipua kwa wingi. Huu ndio utaratibu uliotokana na kazi ya padre Mfaransa Henri de Laulanié aliyoifanya pamoja na wakulima wa Madagaska katika miaka ya 1980. Mizizi yake huenda chini zaidi, nayo husaidia ukame unapokuja. Lakini mche wa siku 10 una kimo cha kiganja, na jaruba lisilotoa maji upesi litaufunika usiku mmoja. Bondeni tumia miche ya siku 25 hadi 30, iliyokomaa shina, miwili au mitatu kwa shimo. Wanaosifu njia moja kwa kila shamba mara nyingi wamelima mahali pamoja.

Hatua ya 6: Mwagilia kwa kupokezana maji na ukavu

Hatua hii ni kwa mwenye uwezo wa kupata maji anapoyahitaji. Mpunga huvumilia maji ya kusimama, lakini hauyahitaji kila siku. Udongo ukiachwa upumue kwa siku chache kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, maji yanayotumika hupungua, pengine hadi asilimia 30, na mavuno hayashuki. Gesi ya methani, ambayo hutengenezwa na vijidudu katika udongo uliozama bila hewa na ambayo yenyewe huongeza joto la dunia, hupungua pia, mara nyingi kwa karibu nusu.

Kifaa kinachotumika ni kipande cha bomba la plastiki au mwanzi mnene, urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 10 hadi 15. Toboa matundu pande zote katika nusu yake ya chini. Kizamishe sentimita 15 ardhini, karibu na ukingo ambapo utakifikia bila kukanyaga mpunga, mahali pasipo juu wala chini kuliko jaruba lote. Toa udongo ulioingia ndani hadi uone kitako. Jaruba likiwa na maji, kimo cha ndani ya bomba na cha nje vilingane. Visipolingana, matundu yameziba.

Shikilia maji ya kina kidogo katika wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza, ili magugu yasipate mwanya. Baada ya hapo acha yashuke. Siku ya kwanza uso wa ardhi utaonekana, kisha utaanza nyufa nyembamba, na aliyezoea kuona maji kila asubuhi ataingiwa na hofu. Chungulia bombani kabla ya kukimbilia mfereji: mara nyingi maji yako pale, sentimita 8 au 10 chini, mahali mizizi inapoyafikia. Yakishuka hadi sentimita 15, jaza tena hadi kina cha sentimita 5. Wiki moja kabla ya kuchanua simamisha utaratibu huu, weka sentimita 5 za maji, uzitunze hadi wiki moja baada ya kuchanua, kisha endelea.

Katika skimu ya umwagiliaji ambako zamu yako huja kila baada ya siku 10 au zaidi, au ambako zamu hurukwa, usikaushe kwa hiari. Bomba linafaa kama lango liko mikononi mwako. Kama liko mikononi mwa watu wengine, jambo la kwanza ni kukaa na kamati ya watumiaji maji ili ratiba izingatie wiki za kuchanua za kila sehemu.

Hatua ya 7: Gawa mbolea, rudisha mabua

Mbolea yote ikiwekwa mara moja, mvua moja kubwa inatosha kuiondoa yote. Gawa mbolea ya nitrojeni mara tatu: miche inaposhika, machipukizi yanapoongezeka, na suke linapoanza kuumbika. Siku hii ya mwisho utaijua kwa kupasua shina kubwa kwa wembe na kukuta ncha nyeupe ya manyoya, urefu wa milimita moja au mbili, juu ya kifundo cha chini. Usitupe yurea kwenye udongo mkavu, wala mawingu yakiwa mazito.

Mabua yasichomwe. Sehemu kubwa ya potasiamu ambayo mpunga umeitoa ardhini imo ndani yake. Yafukie mapema baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado mkavu, walau mwezi mmoja kabla ya kuingiza maji. Yakifukiwa yakiwa mabichi wakati jaruba limejaa, yataoza bila hewa, yatoe methani na kuwadhuru miche wachanga.

Hatua ya 8: Mafuriko au chumvi vikishafika

Baada ya mpunga kuzama, toa maji polepole, usogeze taka zilizolala juu ya majani, kisha subiri. Majani ya kahawia hayamaanishi kifo. Bana kitako cha shina kwa vidole: likiwa gumu na jeupe ndani, ni hai, likibonyea na kunuka, limeoza. Subiri takribani wiki moja ndipo uweke mbolea kidogo ya nitrojeni, baada ya majani mapya kutoka. Mapengo yajazwe kwa kugawanya machipukizi ya mashina yaliyonusurika, au kwa fungu la mwisho la kitalu, ambalo kwa sababu hii lisimalizwe kabla ya hatari kupita.

Chumvi huumiza zaidi miche wachanga na mpunga unaochanua. Mvua za kwanza zitumike kuosha: jaza maji matamu, yaache siku moja au mbili, yatoe yote, na urudie kabla ya kupandikiza. Tumia miche iliyokomaa, na usiliache jaruba likauke, kwa kuwa ukavu huivuta chumvi kuja juu. Kupokezana maji na ukavu hakufai hapa.

Hatua ya 9: Vuna na ukaushe bila kulitegemea jua

Vuna asilimia 80 hadi 85 ya punje zikiwa na rangi ya majani makavu. Anayengoja hadi zote ziwe kavu hupoteza kwa kupukutika, na mvua isiyo ya msimu humkuta. Pura siku hiyohiyo au inayofuata, anika kwenye turubai kwa unene wa sentimita 2 hadi 4, geuza kila nusu saa, na uweke kivuli jua linapokuwa kali sana, kwa kuwa punje zilizopata joto la ghafla hupasuka na kutoa chenga mashineni. Turubai la pili liwe karibu kwa ajili ya kufunika.

Kabla ya kufunga magunia, tia konzi chache za mpunga na kijiko cha chumvi iliyokauka kabisa ndani ya chupa kavu, ifunge, uitikise na uiache dakika 10. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mpunga bado una maji, anika tena. Mbegu ya msimu ujao ikaushwe zaidi kuliko ya chakula, ifungwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na juu yake ziandikwe tarehe uliyoisia, tarehe iliyochanua na jaruba ilikotoka. Tarehe hiyo ya kuchanua ndiyo utakayoanza nayo utakapochukua karatasi tena.